Dosie ya Ystad, Mashahidi wa Katoyi

Mhadhara kwa wasomaji wa kartie Katoyi, Goma



Kitabu mlichoniomba nikizungumzie kinaanza na farasi ambaye hakulia. Ni usiku wa Januari 1990, kijiji cha Lunnarp, kusini kabisa mwa Sweden. Mzee mmoja mkulima anaamka kabla ya alfajiri, moyo unamwambia kuna kitu kimekosekana. Anatega sikio. Farasi wa jirani, ambaye amezoea kumsikia bandani, leo yuko kimya. Anachungulia, anaona dirisha la jikoni la jirani si la kawaida. Huko ndani Johannes Lövgren ameuawa kwa kuteswa, na mkewe Maria amekazwa kamba shingoni, pumzi zake zinahesabika. Polisi wa mji mdogo wa Ystad wanaitwa. Anafika Kurt Wallander, mwanamume aliyeachwa na mkewe, anayekula ovyo na kunywa kupita kiasi, na kuanzia asubuhi hiyo kitabu kizima ni yeye na wenzake wakihangaika na maiti wa wazee wawili ambao hakuna mkubwa yeyote serikalini aliyewahi kuwasikia.

Henning Mankell alikitoa mwaka 1991. Kwa Kiswidi kinaitwa Mördare utan ansikte. Sisi tumekisoma kwa Kifaransa, Meurtriers sans visage. Nakala iliyozunguka hapa Katoyi mnaijua: jalada lilikwisha toka zamani, mgongo umeshikizwa kwa gundi ya fundi viatu, na mmoja wenu, ambaye mpaka leo hajajitokeza, ameandika kwa biki pembeni mwa kurasa za mwanzo: "Na majirani?" Namshukuru. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo mengine kabisa.

Hilo ni swali la mtu wa Katoyi. Kule Lunnarp jirani ni mzee mmoja na mkewe, na shamba linalofuata liko mbali. Hapa nyumba zetu za mbao zimekaa bega kwa bega juu ya mawe ya volkano, na ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakuuliza kama umepata dawa. Tunajua pikipiki ya nani imepita kwa kusikia mlio wake. Kambista, mbadilisha pesa wa mtaani, akipigwa risasi saa mbili usiku akifunga meza yake, kabla hapajapambazuka avenyu nzima inajua walikuwa wangapi, walivaa nini, waliondokea upande gani, na pengine mmoja wao alikunywa chai kwa nani mchana wake. Halafu redio inatangaza kwamba ameuawa na watu wenye silaha wasiojulikana, na habari imeisha.

Niliwahi kumsindikiza jirani kwenda kuandikisha kifo cha ndugu yake, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Ofisa alikuwa mtu wa heshima, alitupa viti. Mezani alikuwa na rejista iliyochorwa mistari kwa rula, safu ya jina, safu ya saa, safu ya maelezo. Karatasi za kuandikia PV, yaani maelezo rasmi ya kesi, hakuwa nazo. Alituonyesha kibanda ng'ambo ya barabara, tukaenda kununua. Jirani akasimulia, ofisa akaandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa na masista. Ukurasa mmoja na nusu. Kisha akauliza nani ameona. Jirani akajibu: hakuna. Ofisa akainua macho, akamtazama kwa muda, akaandika: hakuna. Watu watatu pale mezani tulijua kwamba walioona ni wengi, na wote watatu tulijua pia kwa nini jina la shahidi likishawekwa kwenye karatasi ile halina ulinzi. Karatasi inaweza kusomwa na yeyote mwenye funguo za kabati, na kabati lenyewe, kama nilivyoliona, halikuwa na kitasa.

Basi, hilo ndilo nililokuja kusema: Ystad wana dosie na wamekosa mashahidi, Katoyi tuna mashahidi na tumekosa dosie. Riwaya ya Mankell imejengwa juu ya upungufu wa kwao. Kila ukurasa Wallander anatafuta mtu aliyeona kitu. Anagonga milango, anarudi kwa jirani yule yule mara ya pili na ya tatu, anapima kamba, anajiuliza kwa nini wauaji, baada ya ukatili ule wote, walimpa farasi nyasi. Kila anachopata kinaandikwa na kuwekwa mahali ambapo kesho kitakuwepo. Ajuaye mambo ya vituo vyetu atakubali kwamba katika kitabu hiki chenye damu nyingi, jambo la ajabu kuliko yote ni hilo la mwisho.

Kuna wasomaji, na nimewasikia hapa hapa, wanaosema: ndiyo maana tunasoma vitabu hivi, kuona jinsi nchi za watu zinavyofanya kazi. Sikubaliani nao, ingawa nawaelewa. Anayesoma hivyo anasoma brosha ya watalii. Waswidi wenyewe hawakuandika vitabu hivi kuisifu nchi yao.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 Maj Sjöwall na Per Wahlöö, mtu na mwenzake, waandishi wa habari, walichapisha Roseanna. Maiti wa mwanamke anavuliwa kutoka mfereji wa Göta, hana nguo, hana kitambulisho, hakuna aliyetoa ripoti kwamba amepotea. Inapita miezi polisi hawajui hata jina lake. Wawili hao waliandika usiku, watoto wakishalala, wakigawana sura, na walikuwa na mpango wa tangu mwanzo: vitabu kumi, kila kimoja sura thelathini, vyote pamoja vikiwa riwaya moja ndefu juu ya kosa la jinai. Kosa lenyewe, machoni pao, lilikuwa lile ambalo serikali iliyojiita mlezi wa wananchi inawatendea wananchi wake walio dhaifu. Walikuwa watu wa mrengo wa kushoto na hawakuficha. Cha kumi kilitoka 1975, mwaka ambao Wahlöö alifariki. Mpelelezi wao, Martin Beck, ana mafua na tumbo linalomsumbua, na wakubwa wake ni watu wa siasa zaidi kuliko kazi. Ninawapenda hawa wawili kuliko Mankell, niseme wazi, kwa sababu wana ucheshi na hawamwonei huruma Beck kupita kiasi. Wallander analia mno.

Halafu mwaka 1986, usiku wa tarehe 28 Februari, waziri mkuu wa Sweden, Olof Palme, alipigwa risasi barabarani Stockholm akitoka sinema na mkewe, bila walinzi. Mtu mmoja alihukumiwa 1989, akaachiwa na mahakama ya rufaa mwaka huo huo. Dosie ikaendelea kunenepa mpaka ikasemekana inachukua takriban mita 250 za rafu. Mwaka 2020 mwendesha mashtaka alitangaza kuifunga, akamtaja mshukiwa ambaye alikuwa amefariki tangu mwaka 2000. Marehemu hawezi kushtakiwa, kwa hiyo hakuna mahakama iliyowahi kuupima ushahidi ule. Mita 250 za karatasi, na pale mwisho hakuna kesi. Wasomaji wa Kiswidi waliokuwa wakinunua Wallander katika miaka ya 1990 walikuwa watu ambao mkuu wao aliuawa hadharani na polisi wao walishindwa. Walichokipata kitabuni ni kile ambacho mitaani hawakukipata.

Kwa hiyo tukikisoma kitabu hiki Katoyi tuko karibu nao kuliko tunavyodhani. Wao walikuwa na mbinu ya kudai kazi ifanywe, na riwaya ilikuwa sehemu ya madai.

Nije sasa kwenye ile sehemu ambayo kila aliyekisoma hapa ameniuliza. Maria Lövgren, kabla ya kukata roho hospitalini, ananong'ona neno moja: mgeni, mtu wa kutoka nje ya nchi. Wallander analisikia na kuelewa mara moja kwamba ameshika bomu. Anataka libaki ndani ya kituo. Halibaki. Mtu fulani analivujisha, linafika kwenye televisheni, na siku hazipiti nyingi kambi ya wakimbizi inachomwa moto, kisha Msomali mmoja, ambaye hakuwahi hata kuwaona akina Lövgren, anapigwa risasi akijitembelea. Wallander sasa ana maiti wa tatu, na wauaji wa huyu ni Waswidi.

Mankell alikuwa ameishi Afrika miaka mingi. Maputo aliongoza jumba la maonyesho la Teatro Avenida, na aliporudi kwao mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta chuki dhidi ya wageni imekua. Wallander alizaliwa kutokana na hilo. Jina lenyewe alilitoa kwenye kitabu cha simu. Mwandishi wa kawaida angemaliza hadithi hii kwa njia rahisi: angeonyesha kwamba bibi alikosea na wauaji walikuwa wenyeji. Mankell hakufanya hivyo. Mwishoni inatokea kwamba bibi alisema kweli, wauaji wa wazee wale walitoka nje. Na kweli yake, kwa kutoka mlangoni mwa kituo kabla ya wakati, ilimuua mtu asiye na hatia.

Hapa sihitaji kuwafafanulia. Mji wetu unajua neno moja linavyoweza kutoka kinywani mwa mtu, likaingia kwenye simu, na kufika barabarani likiwa limeshika mawe na matairi. Tumeona watu wakikamatwa na umati kwa sababu ya pua, ya urefu, ya namna ya kutamka herufi. Kila mara kuna anayesema baadaye: lakini habari ilikuwa ya kweli, jambazi alikuwa wa kabila fulani. Inawezekana. Mankell anamjibu mtu huyo vizuri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, kwa kuwa hapingi ukweli wa habari. Anaonyesha tu mahali ilipopaswa kukaa. Dosie ina kazi mbili. Ya kwanza ni kumshika mwenye kosa, na ya pili ni kumlinda asiyehusika na hasira za watu mpaka ijulikane nani ni nani. Sisi tukilalamika kukosa dosie tunafikiria ile ya kwanza peke yake.

Na wauaji wanapatikana vipi? Kwa mfanyakazi wa benki. Msichana wa dirishani mwenye kumbukumbu kali, ambaye anakumbuka sura za waliosimama mbele yake siku ile Johannes Lövgren alipotoa pesa. Baada ya maabara na simu zote zile, mambo yanarudi kwa mtu mmoja aliyeona na aliyeulizwa vizuri. Nikasema moyoni: wa namna hii Katoyi tunao mia.

Nipite haraka kwa Stieg Larsson, maana najua vijana mnamngoja. Alifariki Novemba 2004 kabla vitabu vyake vya Millennium havijatoka, na cha kwanza, ambacho kwa Kiswidi jina lake ni wanaume wanaochukia wanawake, kilitoka 2005. Shujaa wake, Lisbeth Salander, anapendwa Goma na ninajua sababu. Hangoji polisi. Aliyemtendea ubaya anamrudishia mwenyewe, kwa mikono yake, na anahifadhi ushahidi wa video ili mtu huyo asijaribu tena. Katika mkoa ambako wanawake wametendewa yaliyotendwa, sitamlaumu msomaji anayepiga makofi. Ila nikiweka kitabu chini nakumbuka kwamba umati unaochoma mtu hapa mjini, kartie Majengo, nao haungoji polisi, na nao unarekodi video. Salander ananistarehesha, sitaki awe jirani yangu.

Kwetu je? Watu husema riwaya ya upelelezi ni kitu cha Wazungu, nao hawajasoma. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikachapishwa 1960, miaka mitano kabla ya Roseanna. Bwana Msa wake, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, hana cheo wala ofisi. Polisi yupo, Spekta Seif, lakini fumbo linafumbuliwa na Bwana Msa kwa kukaa na watu, kuwasikiliza wanavyosema na kuona wanachokwepa kusema. Ni mpelelezi wa mji ambao kila mtu anamjua kila mtu. Baadaye Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba, na katika Kikosi cha Kisasi cha 1979 akamleta mpaka Kinshasa. Gamba ni jasusi. Anapiga, anaruka, anapendwa na wanawake, serikali yake daima iko upande wa haki, na hajawahi kumaliza asubuhi moja akijaza fomu. Nimevisoma vyote kwa raha. Lakini nikitafuta babu wa riwaya itakayoandikwa Katoyi siku moja, nitamwendea Bwana Msa, kwa sababu anaanzia tuliko sisi, kwa watu wanaojua.

Bwana Msa hata hivyo ana kitu ambacho sisi hatuna. Akishamaliza kufikiri, anamkabidhi Spekta Seif, na msomaji haulizi kitakachofuata. Hapa Goma msomaji atauliza. Mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na milango ya gereza la Munzenze ikafunguka, maelfu ya wafungwa walitoka, wenye dosie na wasio na dosie, na mtu aliyetoa ushahidi kabla ya hapo anaweza kukutana sokoni na yule yule aliyemtolea ushahidi. Wala siyo kwamba kazi ya kuhukumu kwa ushahidi haijawahi kufanyika kwetu. Baada ya mauaji ya 30 Agosti 2023, waandamanaji zaidi ya hamsini walipopigwa risasi na askari hapa mjini, mahakama ya kijeshi ilianza kusikiliza kesi hadharani chini ya wiki moja baadaye, na tarehe 2 Oktoba kanali aliyeongoza kikosi akahukumiwa kifo. Watu walikwenda kusikiliza. Mashahidi walisema. Ilipotakiwa, ilifanyika.

Kuna kesi nyingine ambayo haikutungwa na mwandishi yeyote, na ndani yake Sweden na Kongo zimekutana. Zaida Catalán alikuwa Mswidi. Aliwahi kufanya kazi nchini mwetu na ujumbe wa polisi wa Umoja wa Ulaya, EUPOL, kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, kisha akawa mmoja wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza Kongo. Tarehe 12 Machi 2017 aliuawa Kasai, karibu na Bunkonde, pamoja na mwenzake Michael Sharp, Mmarekani aliyejulikana sana huku Kivu. Miili yao ilipatikana tarehe 27. Mwezi uliofuata serikali ilionyesha waandishi wa habari Kinshasa video ya mauaji yenyewe.

Jioni ya tarehe 11, siku moja kabla, wataalamu wale walikuwa wamezungumza na watu waliotoka upande wa Bunkonde, na mazungumzo yakarekodiwa. Rekodi ilipokuja kusikilizwa na wanaojua Kitshiluba, na waandishi wa habari wakaichapisha, ilionekana kwamba mzee mmoja aliwaonya wasiende, kwamba watashambuliwa. Wakalimani wakawaambia kwa Kifaransa kwamba hakuna shida. Shahidi alikuwepo, alisema, alisema waziwazi, hata kifaa cha kurekodi kilikuwa kimewashwa. Ushuhuda wake ulifika kwenye dosie miezi mingi baada ya waliouhitaji kuzikwa.

Kesi ilianza Kananga Juni 2017, ikaburutwa karibu miaka mitano. Tarehe 29 Januari 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo watu 51, baadhi yao wakiwa hawapo mahakamani, na kanali mmoja akapewa miaka kumi. Watu hamsini na mmoja! Wallander kwa wauaji wawili anahangaika kitabu kizima. Na bado familia ya Catalán na watetezi wa haki za binadamu walisema kwamba swali kubwa limebaki pale pale: nani aliagiza. Nimefuatilia kesi ile kwa miaka, na naona kwamba wingi ule wa hukumu ulikuwa njia nyingine ya kuandika "wasiojulikana". Mpelelezi wa Ystad angeitambua. Angerudi kwa mzee wa jioni ya tarehe 11, angekaa naye, angemwuliza tena polepole, kwa lugha yake.

Wataalamu wale hawakwenda peke yao. Walikuwa na mkalimani Mkongomani, na waendesha pikipiki watatu. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kurasa nyingi juu ya Catalán na Sharp, na ilikuwa haki yao. Waendesha pikipiki wale kwa kawaida walipata mstari mmoja, mara nyingi bila majina. Kama kati yenu yupo anayefikiria kuandika riwaya ya upelelezi ya kwetu, kwa Kiswahili cha kwetu, ningemwomba aanze na motari wa namna hiyo, hata akimhamishia hapa Katoyi. Motari ana mke anayejua aliondoka saa ngapi na alikunywa uji au hakunywa. Ana wenzake kituoni waliosikia bei iliyopatanwa na kuona mteja alitoka upande gani. Kuna aliyemwuzia petroli ya chupa. Kuna simu iliyoita mara ya mwisho, na mtu aliyekuwa akipiga. Hao wote wanajua kipande, wote wanaogopa, na hakuna hata mmoja aliyekwisha kuulizwa na mtu mwenye karatasi yake mwenyewe na kabati lenye kitasa. Mwandishi huyo hatahitaji kumficha muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Anaweza kumtaja kwenye ukurasa wa pili, maana avenyu nzima inamjua, na bado nitasoma usiku kucha kwa taa ya simu kujua nani atakuwa wa kwanza kulisema jina lile, na atamwambia nani.

Sasa nawasikiliza nyinyi.